Kansa ya figo hujitokeza mahali usipotarajia

MTU akiambiwa kwamba ndugu yake ana kansa ya figo, mawazo yake huenda moja kwa moja kiunoni. Hufikiria maumivu ya ubavuni, mkojo wenye damu na chumba cha upasuaji. Ni wachache wanaofikiria shingo, pua, ulimi au ncha ya kidole. Lakini hayo ni baadhi ya mahali ambapo kansa hii imewahi kujitokeza, wakati mwingine miaka mingi baada ya figo yenyewe kutolewa na mgonjwa kurudi kazini akijua amepona.

Leo, msomaji, nataka tuitazame tabia hii ya kansa ya figo. Nataka hasa ushike jambo moja ambalo laweza kuokoa maisha yako au ya mzazi wako. Mtu aliyewahi kutolewa figo kwa sababu ya kansa asiache kumtajia daktari habari hiyo, hata kama imepita miaka kumi na mitano, na hata kama kilichompeleka hospitalini ni kutokwa na damu puani tu.

Figo na kansa yake

Wengi wetu tuna figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, nyuma ya tumbo na chini kidogo ya mbavu. Kila figo ina ukubwa wa ngumi na uzani wa gramu 150 hivi. Ingawa ni ndogo, figo zote mbili hupokea karibu sehemu moja kati ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, yaani takriban lita moja kila dakika. Kazi yake ni kuichuja damu hiyo, kutoa taka kwa njia ya mkojo, na kusaidia kudhibiti maji, chumvi na shinikizo la damu mwilini.

Kwa watu wazima, karibu asilimia 90 ya kansa za figo huanzia katika vijifereji vidogo sana ambamo mkojo hutengenezwa. Aina iliyo ya kawaida zaidi kati ya hizo ina chembe ambazo zikitazamwa kwa hadubini huonekana nyeupe na tupu, kwa sababu zilikuwa zimejaa mafuta na sukari. Watoto hupata aina nyingine kabisa ya kansa ya figo, ambayo si ya mjadala wetu leo.

Wanaume huugua zaidi kuliko wanawake, na wagonjwa wengi huwa wamepita umri wa miaka hamsini. Uvutaji wa sigara, unene wa kupindukia na presha ya muda mrefu huongeza hatari. Hali kadhalika watu waliosafishwa damu kwa mashine kwa miaka mingi wanahitaji kuangaliwa kwa makini.

Vitabu vya udaktari hutaja dalili kuu tatu: maumivu ya ubavuni, damu katika mkojo na uvimbe unaoweza kuguswa tumboni. Ukweli ni kwamba wagonjwa wanaofika wakiwa na dalili zote tatu ni wachache, hawafiki kumi kati ya mia. Katika nchi ambako skani hupigwa kwa wingi, zaidi ya nusu ya kansa hizi hugunduliwa kwa bahati tu, daktari akiwa anatafuta jambo lingine. Wengine hugunduliwa tayari kansa imehama.

Inavyosafiri

Ili uelewe kwa nini kansa hii hufika mbali, tazama njia za damu. Damu iliyochujwa hutoka katika figo kwa mshipa mnene na kuingia katika mshipa mkuu unaopanda hadi moyoni. Kutoka moyoni damu hiyo hupelekwa kwenye mapafu. Kwa hiyo chembe za kansa zinazong'oka katika figo hukutana na mapafu kwanza, na ndiyo sababu mapafu ndiyo kituo chake cha kawaida. Kansa ya figo pia hupenda kuingia ndani ya mshipa wenyewe na kukua humo kama kamba. Kwa wagonjwa wengine kamba hiyo hupanda hadi ndani ya chumba cha moyo.

Njia ya pili ni mtandao wa mishipa midogo inayozunguka uti wa mgongo. Mwaka wa 1940 daktari wa Marekani aitwaye Oscar Batson alionyesha kwamba mishipa hiyo haina vali za kuzuia damu kurudi nyuma. Mtu anapokohoa, anapojikamua chooni au anapoinua mzigo mzito, damu ya tumboni yaweza kusukumwa kuingia katika mtandao huo na kupanda kuelekea mgongoni, shingoni na kichwani bila kupitia mapafu. Hivyo twaweza kuelewa jinsi kansa ya figo inavyoweza kuonekana katika uti wa mgongo, fuvu au pua ya mgonjwa ambaye eksirei ya kifua chake ni safi.

Njia ya tatu iko upande wa kushoto. Mshipa unaorudisha damu kutoka korodani la kushoto kwa mwanamume, au kutoka ovari ya kushoto kwa mwanamke, humwaga damu yake katika mshipa wa figo ya kushoto. Kansa ikiuziba mshipa wa figo, damu hurudi nyuma. Mwanamume wa makamo anayeona mishipa imevimba ghafla upande wa kushoto wa mfuko wa korodani, na haipungui hata akilala, anastahili kupigwa picha ya figo. Kwa wanawake wachache, njia hiyo hiyo imepeleka kansa hadi ukeni, ikaonekana kama kidonda kinachotoka damu.

Lakini njia peke yake haitoshi kueleza kila kitu. Mnamo 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya matiti. Aliona kwamba kansa haikutua ovyo. Alifananisha chembe za kansa na mbegu zinazopeperushwa kila upande, ambazo humea tu palipo na udongo unaozifaa. Zaidi ya karne moja baadaye wazo hilo lingali na nguvu.

Mahali pa kawaida na pasipo pa kawaida

Mahali ambapo kansa ya figo huhamia mara nyingi ni mapafuni, kwenye tezi za limfu, mifupani, katika ini, katika tezi ya adrenali iliyo juu ya figo, na kwenye ubongo. Daktari yeyote anayemfuatilia mgonjwa wa figo huyakagua maeneo haya.

Orodha ya mahali pasipo pa kawaida ni ndefu. Ya kwanza ni thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya koo. Kati ya kansa zote zinazotoka mbali na kuonekana kama uvimbe wa tezi hiyo, ya figo ndiyo inayoongoza. Ya pili ni kongosho. Daktari akikuta uvimbe wa kansa iliyohamia katika kongosho peke yake, figo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Halafu kuna pua na mianzi yake, ambako mgonjwa hutokwa na damu nyingi isiyokoma. Kuna pia ulimi, tezi za mate, ngozi ya kichwa, tundu la jicho, kibofu cha nyongo, tumbo, misuli, mifupa ya taya na ncha za vidole.

Jambo moja huunganisha maeneo haya yote: uvimbe wa kansa ya figo una damu nyingi kupita kiasi. Uvimbe huo hata ukiwa kwenye ngozi huweza kuwa mwekundu au wa zambarau, wenye kutoa damu ukiguswa. Daktari wa meno anayeng'oa jino katika taya lililovamiwa, au daktari wa pua anayekata kinyama cha kupeleka maabara, aweza kukutana na damu ambayo hakuitarajia. Akiwa ameambiwa mapema kwamba mgonjwa aliwahi kuwa na kansa ya figo, atajitayarisha.

Kwa nini damu nyingi hivyo? Jibu lilitokana na familia chache zenye ugonjwa wa kurithi uitwao Von Hippel-Lindau. Watu hawa huzaliwa na jeni yenye kasoro, na hupata uvimbe katika macho, ubongo, uti wa mgongo, adrenali na figo. Jeni hiyo iligunduliwa mwaka wa 1993. Baadaye ilibainika kwamba hata kwa wagonjwa wengi wa kansa ya figo wasiotoka katika familia hizo, jeni hiyo hiyo huwa imeharibika ndani ya uvimbe. Ikiharibika, chembe hujiona kana kwamba haipati hewa ya oksijeni, hata ikiwa inaipata ya kutosha. Basi hupiga ukelele wa kuomba mishipa mipya ya damu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walioeleza jinsi chembe zinavyopima oksijeni, walitunukiwa tuzo ya Nobel ya udaktari mwaka wa 2019.

Uvimbe ndani ya uvimbe

Sasa tufikie jambo la ajabu zaidi. Kansa yaweza kutoka kiungo kimoja na kwenda kumea ndani ya uvimbe mwingine ambao tayari ulikuwapo mwilini. Ni kama mpangaji anayeingia katika nyumba iliyojengwa na mtu mwingine.

Jambo hili ni nadra sana, lakini si geni. Mwaka wa 1902 daktari aitwaye Berent alieleza habari za kansa ya taya iliyokutwa ndani ya kansa ya figo. Kwa kuwa ni rahisi kukosea, mnamo 1968 Campbell na wenzake walitoa masharti. Lazima mgonjwa awe na uvimbe wa aina mbili tofauti. Lazima ule unaopokea uwe uvimbe wa kweli. Na lazima ule mgeni uwe umesafiri na kumea humo, si kwamba uliota jirani ukapenya tu, wala si vipande vilivyokwama katika mshipa wa damu.

Figo huhusika pande zote mbili. Kati ya kansa zinazopokea wageni, kansa ya figo ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi, na mgeni anayeongoza ni kansa ya mapafu. Wataalamu wanadhani ni kwa sababu ya ule wingi wa damu, pamoja na mafuta na sukari iliyomo: udongo wenye rutuba. Kwa upande mwingine, kansa ya figo nayo huenda kupanga kwa wengine. Imekutwa ndani ya meninjioma, uvimbe usio kansa unaoota katika utando wa ubongo. Imekutwa ndani ya uvimbe wa thairoidi uliokaa miaka bila madhara. Na kwa wale wenye Von Hippel-Lindau, imekutwa ndani ya uvimbe wao wa ubongo na uti wa mgongo. Hapo mwanapatholojia hupata taabu kweli, kwa sababu chembe za pande zote mbili hufanana kwa hadubini. Hulazimika kutumia rangi maalum ili kuzitenganisha.

Huenda ukauliza, hayo yanakuhusu nini? Yanakuhusu hivi. Chukua mfano wa mama mwenye umri wa miaka 64 ambaye amekuwa na rovu tangu ujanani. Majirani wamelizoea na yeye mwenyewe amelizoea. Miaka kumi na miwili iliyopita alitolewa figo ya kulia. Sasa rovu limeanza kukua upesi, sauti imekuwa ya kukwaruza na kumeza kumekuwa kwa shida. Akifika kliniki na kusema, "Daktari, hili rovu langu la zamani limeongezeka," yaelekea atatibiwa kama mtu mwenye rovu. Akiongeza maneno machache tu, "na nilitolewa figo yenye kansa," uchunguzi wote hubadilika.

Uvimbe wa zamani unaobadilika tabia ghafla haufai kuitwa wa zamani tena.

Isichanganywe na maradhi yetu

Katika nchi yetu kuna maradhi mengine yanayofanana na kansa hii, na hapo ndipo muda mwingi hupotea.

Damu katika mkojo ni mfano mzuri. Mtu aliyekulia Kwale, Kilifi au kando ya Mto Tana anajua kichocho tangu utotoni. Akiona damu katika mkojo akiwa na miaka 55, huenda akanunua dawa ya kichocho dukani na kutulia. Damu hiyo nayo hukoma kwa majuma kadhaa, maana damu ya kansa huja na kwenda yenyewe, kisha mgonjwa huisifu dawa. Kichocho chenyewe huweza kuleta kansa ya kibofu. Kwa hiyo mtu mzima mwenye damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, apimwe mkojo na kupigwa altrasaundi ya figo na kibofu.

Mfano mwingine ni kifua kikuu. Kansa ya figo iliyofika mapafuni huweza kuleta kikohozi chenye damu, na iliyofika katika uti wa mgongo huweza kuleta maumivu ya mgongo na udhaifu wa miguu, kama kifua kikuu cha mifupa. Makohozi yakipimwa na kukosa vijidudu, na dawa za kifua kikuu zikose kuleta nafuu, usiridhike na kuongezewa miezi. Uliza kama kinyama kinaweza kukatwa na kuchunguzwa.

Nami sitaki kukutisha. Rovu nyingi ni rovu tu. Damu ya puani kwa kawaida hutokana na mikwaruzo, mafua au sababu nyingine ndogo. Maumivu mengi ya mgongo ni ya misuli. Mahali hapa pasipo pa kawaida pasikukoseshe usingizi kama hujawahi kuugua figo. Kwa aliyewahi kuugua, ni habari ya kukumbuka.

Matibabu yapo

Wengi wakisikia kansa imehama, huanza kuuza shamba au kupanga mazishi. Ngojeni kwanza.

Kansa ya figo ina tabia mbili zinazoonekana kupingana. Yaweza kuenea kwa kasi na kuua upesi. Yaweza pia kulala miaka kumi, hata ishirini, kisha ikazuka mahali pamoja tu. Mgonjwa wa aina hii ya pili, mwenye uvimbe mmoja katika thairoidi, kongosho au pafu, mara nyingi hufaidika akifanyiwa upasuaji wa kuutoa, na wengine huishi miaka mingi baadaye. Ndiyo maana ni muhimu sana kujua uvimbe umetoka wapi. Kansa iliyoanzia katika kongosho na kansa ya figo iliyohamia katika kongosho ni magonjwa mawili tofauti, na matumaini yake hayalingani hata kidogo.

Dawa za kawaida za kansa, zile zinazofanya nywele kunyonyoka, hazina nguvu kubwa dhidi ya kansa hii. Lakini kuanzia mwaka wa 2005 zilitokea dawa zinazozuia uvimbe kujijengea mishipa ya damu, kama vile sorafenib na sunitinib. Kisha, mwaka wa 2015, nivolumab iliidhinishwa Marekani kwa kansa ya figo. Dawa hii huamsha kinga ya mwili yenyewe ipambane na kansa. Miale nayo hutumiwa kupunguza maumivu ya mifupa na kuzuia uti wa mgongo usibanwe.

Gharama ni kubwa, sitaficha. Kabla ya kuanza dawa yoyote, uliza hospitali ni kiasi gani kitalipwa na bima yako au na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Uliza mapema, kwa sababu dawa iliyokatizwa katikati haisaidii.

Ufanye nini?

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako aliwahi kutolewa figo, fanya mambo haya.

Kwanza, tafuta ripoti ya maabara iliyoeleza figo hiyo ilikuwa na nini. Kuna watu wenye kovu ubavuni ambao hawajui kama walitolewa figo kwa sababu ya kansa, usaha au mawe. Nenda kwenye hospitali ulikopasuliwa na uombe nakala. Iweke pamoja na kitambulisho na hati za shamba, na umwonyeshe mtoto wako mmoja mahali ilipo.

Pili, hudhuria kliniki zako zote za kufuatilia, na usidhani kwamba baada ya mwaka wa tano mlango umefungwa. Kansa nyingine huhesabiwa kupona baada ya muda huo. Ya figo haina adabu hiyo.

Tatu, kila unapomwona daktari mpya, awe wa meno, wa macho, wa pua au wa ngozi, anza kwa kumwambia, "Nilitolewa figo yenye kansa mwaka fulani." Usingoje akuulize. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Nne, usipuuze uvimbe mpya unaokua, jeraha la ngozi linalotoa damu, damu ya puani inayorudi rudi upande mmoja, maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, kichwa kinachouma kwa namna mpya, au manjano ya macho. Na miguu ikianza kukosa nguvu pamoja na maumivu ya mgongo, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Tano, kama katika ukoo wenu watu wawili au zaidi wamepata kansa ya figo, au mmoja aliipata kabla ya kutimiza miaka 46, au kuna mchanganyiko wa uvimbe wa ubongo, macho na figo, mweleze daktari. Huenda familia nzima ikahitaji kuchunguzwa.

Na wewe unayevuta sigara huku ukisoma ukurasa huu, figo zako pia zinauvuta moshi huo. Zima hiyo sigara, kisha ukapimwe presha juma hili.